Mwendawazimu Si Mbinu Tu: Kumsoma Upya Mhusika Mwenye Ugonjwa wa Akili

Utangulizi

Riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilipokuwa kitabu teule, mtahiniwa aliyetakiwa kueleza umuhimu wa Matuko Weye hakutatizika. Jibu lilikuwa tayari kinywani: Weye ni mwendawazimu, mwandishi anamtumia kusema ukweli ambao wenye akili timamu wanaogopa kuusema, kwa hivyo yeye ni kipaza sauti cha mwandishi na ni chombo cha kinaya. Alama zikatolewa, karatasi ikafunikwa.

Jibu hilo si baya. Kasoro yake ni kwamba linaishia pale ambapo uhakiki ungefaa kuanzia. Linatuambia kazi ambayo Weye anaifanya katika riwaya bila kutuambia Weye ni nani. Halimuulizi alipatwa na nini, lini, wala kwa nini maneno yake yana uzito kwa msomaji ilhali kwa wanaomsikia hayana. Makala haya yananuia kutetea hoja moja: tunapomfundisha mhusika mwenye ugonjwa wa akili kama mbinu tu, tunafundisha unyanyapaa bila hata kulitaja neno lenyewe. Tukimsoma kwanza kama mtu, tunawatendea haki wagonjwa walio miongoni mwetu, na vilevile tunaandika uhakiki ulio bora zaidi.

Suala hili si la vitabuni tu kwa sisi tunaofundisha hapa Gilgil. Hospitali ya serikali mjini mwetu ina wodi za wagonjwa wa akili, na wanafunzi wetu wamekua wakijua hivyo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 970 ulimwenguni, yaani mtu mmoja kati ya kila wanane, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili. Basi katika darasa la wanafunzi hamsini ni vigumu kukosa yule ambaye mama yake, kaka yake au yeye mwenyewe anaumwa. Darasa linapomcheka Weye, mwanafunzi huyo naye hucheka, maana asiyecheka atashukiwa. Hicho ndicho kinachotupasa kukifikiria kila tunapofungua ukurasa alimo mhusika kama huyu.

Tuanze na msamiati

Kabla ya kumhakiki mhusika, tuyahakiki maneno tunayomwitia. Neno wazimu lina undugu na mzimu. Anayeitwa mwendawazimu anadhaniwa kuwa anatembea na viumbe wasioonekana. Majinuni ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, nalo linamhusisha mtu na majini. Punguani linatokana na kupungua: ni mtu aliyepungukiwa. Hamnazo ni sentensi nzima iliyogeuzwa kuwa jina, yaani akili hamna. Nao vijana wa Kenya wana tusi lao la mitaani: humwambia mwenzao kwamba yeye ni wa Mathari, wakiitumia hospitali ya Nairobi kama jina la aibu.

Ukiyapanga maneno haya utaona yanatoa maelezo ya aina tatu. La kwanza ni pepo, la pili ni upungufu, la tatu ni mahali pa kufungiwa. Hakuna hata moja linalosema kwamba mtu huyu anaumwa. Mwanafunzi anayetumia maneno hayo bila kuyachunguza amekwisha kutoa hukumu kabla hajasoma sura ya kwanza.

Sarufi nayo ina funzo lake. Kiswahili huruhusu kusema kwamba mtu ana kichaa, na pia kwamba mtu ni kichaa. Tofauti yake ni kubwa. Tunasema Juma ana malaria. Hakuna anayesema Juma ni malaria. Malaria inakuja na kuondoka, naye Juma anabaki kuwa Juma. Lakini tunaposema Juma ni kichaa, maradhi yamemmeza Juma. Hali ni hiyo hiyo kwa majina ya ki-, kama vile kilema, kiwete na kipofu. Kweli, upatanisho wa kisarufi huwarejesha watu hao katika ngeli ya A-WA, nasi tunasema kipofu huyu, si kipofu hiki. Hata hivyo, walimu wengi tumeona ni heri kusema mtu mwenye ulemavu, ili mtu atangulie na hali yake ifuate.

Haya si mambo ya adabu tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na pia haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kifungu cha 260 kinapofafanua ulemavu kinataja pia ule wa akili. Hivyo basi, jina tunaloliandika ubaoni ni suala la kikatiba. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 83, inataka mtu anayejiandikisha kupiga kura awe hajatangazwa kuwa hana akili timamu. Sheria yenyewe bado inavutana ndani yake. Mwalimu makini anaweza kuuonyesha mvutano huo darasani kama anavyouonyesha mgogoro katika tamthilia.

Kidonda kimoja, majina mawili

Sasa tuwalinganishe wahusika wawili kutoka riwaya mbili ambazo zimesomwa sana shuleni. Wa kwanza ni Matuko Weye wa Kidagaa Kimemwozea. Wa pili ni Ridhaa wa Chozi la Heri ya Assumpta Matei.

Weye ni mkongwe aliyewahi kuwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia. Siku ya sherehe anasimama na kuukashifu utawala wa Mtemi Nasaba Bora mbele ya watu, na anakamatwa. Miongozo mingi ya wanafunzi husimama hapo. Jambo la vita hutajwa kama sifa ya ziada, sawa na kusema kwamba mhusika ni mrefu au ni mnene. Hata hivyo, vita ndivyo ufunguo. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa mbali kupigania dola isiyokuwa yao. Mwaka 1944 kikosi kizima cha Afrika Mashariki kilikuwa katika misitu ya Burma. Walioishi walirudi nyumbani na mambo waliyoyaona. Hapa Gilgil pana makaburi ya wanajeshi wa enzi ya vita hivyo, yamepangwa kwa safu na kutunzwa. Waliokufa walipewa mawe yenye majina. Wale waliorudi wakiwa hai lakini akili zimejeruhiwa walipewa jina moja tu, nalo ni mwendawazimu.

Ridhaa ni daktari. Katika ghasia zinazofuata uchaguzi, nyumba yake inateketezwa na jamaa zake wanaangamia motoni, na mkono wa jirani yake, Mzee Kedi, umo. Sisi wa Nakuru, Naivasha na Gilgil hatuhitaji kuelezwa mengi kuhusu mambo hayo, kwani tunakumbuka Januari 2008. Mwandishi anatuingiza ndani ya moyo wa Ridhaa. Tunazisikia kumbukumbu zake, tunayaona machozi yake, tunajua alikotoka na alichokipoteza. Kwa sababu hiyo, hakuna mwanafunzi anayemwita Ridhaa mwendawazimu. Katika insha tunasoma kuhusu huzuni, majonzi, kiwewe na upweke.

Tuyaweke mambo haya mawili kando kwa kando. Wote wawili wamejeruhiwa na fujo ambazo hawakuzianzisha. Wote wawili wamebeba kidonda kisichoonekana. Lakini msomi mwenye taaluma anapewa kiwewe, na mkongwe maskini anapewa wazimu. Tofauti hiyo imetokana na nini? Kwa sehemu imetokana na usimulizi, kwani mmoja tunamwona kutoka ndani na mwingine tunamtazama kutoka nje, tukiwa tumesimama na umati. Kwa sehemu nyingine imetokana nasi wasomaji, tuliozoea kumpa mtu mwenye cheo sababu za mateso yake na kumnyima asiye nacho.

Hii ni hoja ya kifasihi kabisa. Inahusu nafsi ya usimulizi, mtazamo na uhusika. Mtahiniwa anayeweza kuonyesha kwamba Weye anasikika lakini haelezwi, ilhali Ridhaa anaelezwa hata anaponyamaza, ameingia ndani ya fani kuliko yule aliyeandika kinaya na kupiga mstari chini yake.

Wenye mamlaka na jina la wazimu

Msomaji anaweza kuuliza: je, si kweli kwamba Weye anasema ukweli? Ni kweli. Ndiyo maana yafaa tujue jinsi jina la wazimu lilivyotumiwa na wenye mamlaka katika historia yetu.

Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 kama mahali pa kuwafungia waliohesabiwa kuwa wendawazimu. Mwaka 1945 alipelekwa huko Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa kutoka Bukusu, mtu aliyekuwa akiipinga serikali ya kikoloni waziwazi. Alikaa huko hadi mwaka 1947. Wakati huo hospitali ilikuwa chini ya daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kilichodai kuieleza akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha maandishi yake kuhusu Mau Mau. Humo, uasi wa watu waliodai ardhi yao ulielezwa kama tatizo la akili zao.

Kwa hivyo, Walibora anapomfanya Weye akamatwe kwa ajili ya maneno yake, hachezi na mbinu ya kubuni tu. Anagusa desturi ya kweli ya kuugeuza upinzani kuwa ugonjwa. Mtawala hahitaji kuyajibu maneno ya mtu ambaye umati umekwisha kumcheka.

Lakini tuwe waangalifu, maana hapa ndipo uhakiki wetu hukwama mara ya pili. Baada ya kugundua kwamba jina la wazimu ni silaha ya watawala, mhakiki huvutwa kusema kwamba Weye si mgonjwa hata kidogo, kwamba yeye ndiye mwenye akili kuliko wote. Maneno hayo yanapendeza masikioni, lakini yanamwacha mgonjwa pale pale. Yanachukulia kwamba mtu hawezi kuumwa na papo hapo akasema kweli. Anaweza. Mwenye shinikizo la damu husema kweli, na mwenye ugonjwa wa akili vilevile. Heshima ya Weye haitegemei sisi kuthibitisha kwamba ni mzima. Anastahili kusikilizwa hata kama anaumwa, na anastahili kutibiwa hata kama anasema kweli.

Wahusika wanaojitoa uhai

Fasihi yetu ina kundi jingine la wahusika tunalolipitia kwa haraka mno. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Rosa anajitoa uhai. Katika Kichwamaji (1974) ya mwandishi huyo huyo, Kazimoto anafanya vivyo hivyo. Mtemi Nasaba Bora wa Kidagaa Kimemwozea naye anaishia njia hiyo. Mijadala yetu huwa na majibu matatu yaliyozoeleka: kwa Rosa ni matokeo ya malezi makali, kwa Kazimoto ni udhanaishi, na kwa Nasaba Bora ni malipo ya ubaya wake.

Kila jibu lina ukweli ndani yake. Hatari iko katika lile la tatu. Tunapomwambia mwanafunzi kwamba kujitoa uhai ni adhabu ambayo mwandishi amempa mhusika mbaya, tunamwachia wazo kwamba kila anayefikia hatua hiyo alikuwa na dhambi ya kulipia. Mwanafunzi aliyefiwa na mjomba kwa njia hiyo atalipeleka wazo hilo nyumbani. Inatosha kusema kwamba anguko la Nasaba Bora linaonyesha mtu aliyejenga maisha yake yote juu ya cheo, na cheo kilipoporomoka hakuwa na mtu wa kumwendea. Kauli hiyo ni sahihi kwa riwaya na haimdhuru yeyote.

Hadithi fupi ya Mtihani wa Maisha ya Eunice Kimaliro, katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), inatupa mfano ulio karibu zaidi na watahiniwa. Samueli anafeli mtihani. Anajiona amewaaibisha wazazi wake, anajaribu kujitoa uhai, na anaokolewa. Tunapoifundisha hadithi hii huwa tunaorodhesha dhamira: umuhimu wa elimu, matarajio ya wazazi, ubaya wa kukata tamaa. Sharti tuongeze jambo moja. Wakati hadithi hii ilipochapishwa, kitendo cha Samueli kilikuwa kosa la jinai nchini Kenya. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliruhusu mtu aliyenusurika kushtakiwa na kufungwa hadi miaka miwili. Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Hebu fikiria jinsi maarifa hayo yanavyoibadilisha hadithi. Mtu aliyemtoa Samueli katika hatari alimwokoa na kifo, lakini nje ya kitabu kijana kama huyo angeweza kutolewa mautini na kupelekwa kizuizini. Hofu ya polisi ilikuwa moja ya sababu za familia kunyamaza, kuficha, na kutomtafutia mtu wao msaada. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa miaka mingi sheria yenyewe iliwahimiza watu kuyaficha.

Swali la mwanafunzi kuhusu hadithi hii linaweza kuwa rahisi: nani angeweza kumsikiliza Samueli kabla ya siku ile, na kwa nini hakuna aliyefanya hivyo? Wanafunzi hulijibu kwa urefu. Nasi walimu tukiyasoma majibu yao kwa makini, tutatambua wakati mwingine kwamba anayejibu hamzungumzii Samueli peke yake. Akitokea wa namna hiyo, tumwite faraghani, tumsikilize bila kumhukumu, na tumfikishe kwa mwalimu wa ushauri nasaha na kwa wahudumu wa afya. Tusimwache na alama na maneno mawili ya wino mwekundu.

Je, ishara ifutwe?

Baadhi ya walimu wenzangu watapinga. Watasema kwamba fasihi hutumia ishara, na kwamba kumtaka mwandishi aeleze maradhi ya kila mhusika ni kuigeuza riwaya kuwa faili la hospitali. Pingamizi hili lina uzito, na linahitaji jibu.

Kwanza, hakuna anayetaka mwanafunzi ampime mhusika na kumpa jina la ugonjwa. Kuandika kwamba Weye ana ugonjwa fulani wa kitabibu ni kudai tusichokijua. Matini hayatupi ushahidi huo na sisi si madaktari. Tunachoweza kukifanya ni kusoma kilichoandikwa: ana historia gani, ana nani, anatendewaje.

Pili, ishara haielei hewani. Nguvu ya mhusika mwendawazimu kama kipaza sauti inatokana na dharau ya umma. Mwandishi anajua kwamba watu watamcheka, kwamba watawala watampuuza, na kwamba msomaji peke yake ndiye atakayesikia. Bila unyanyapaa, kinaya hicho hakifanyi kazi. Basi mhakiki anayeieleza mbinu bila kuutaja unyanyapaa hajaieleza mbinu hiyo kikamilifu. Ni kama kueleza mzaha bila kusema ni nani anayechekwa.

Chukua Mashetani (1971), tamthilia ya Ebrahim Hussein. Kitaru anaugua maradhi yasiyoonekana mwilini, na walio karibu naye wanavutwa kati ya maelezo mawili, la shetani na la tiba ya kisasa. Wahakiki wengi wamemsoma shetani kama ukoloni mamboleo, nao wana hoja nzuri. Lakini usomaji huo haupaswi kumfukuza Kitaru jukwaani. Familia inayohangaika kwa sababu kijana wao amebadilika na hawajui wampeleke wapi ni familia tunayoifahamu. Wengine humpeleka kwa mganga, wengine kwa mhubiri, wengine hospitalini, na wengi huzunguka kote huko kwa zamu. Mwanafunzi anayeielewa hofu ya nyumba ile atauelewa pia uzito wa ishara yenyewe, kwani atajua kwa nini Hussein alichagua maradhi ya akili na si homa.

Tatu, wapo waandishi waliotuonyesha kwamba ishara na mtu vinaweza kukaa pamoja. Bessie Head, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Serowe nchini Botswana, aliwahi kulazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na mwaka 1973 alichapisha riwaya ya A Question of Power iliyochimbuka katika tajriba hiyo. Mhusika wake mkuu, Elizabeth, anaumwa, lakini ana mtoto wa kulea, ana bustani ya kutunza, na ana majirani. Riwaya hiyo inazungumzia ubaguzi na mamlaka kwa upana mkubwa, na bado msomaji hamsahau mama aliye katikati yake. Mtihani wa kweli wa waandishi wetu wa Kiswahili ni kama watatupa mhusika kama huyo: mgonjwa anayesimulia mwenyewe, anayeumwa leo na kupata nafuu kesho, anayepika, anayekosea, anayependwa.

Nasi wahakiki tujihadhari na kosa la upande wa pili. Kupinga unyanyapaa si kumgeuza mgonjwa kuwa malaika au nabii. Tukimwinua juu mno tumemwondoa tena miongoni mwa watu. Hujafa hujaumbika, walisema wazee, na methali hiyo haisemi kwamba mlemavu ni mtakatifu. Inasema kwamba yeye na wewe ni wamoja.

Maswali manne ya kumwongoza msomaji

Kwa walimu wanaotaka kuanza mara moja, napendekeza maswali haya manne kila darasa linapokutana na mhusika mwenye ugonjwa wa akili:

1. Je, ana jina, au anatambulishwa kwa ugonjwa wake tu?
2. Je, ana wakati uliopita? Matini yanatuambia alikuwa nani kabla ya kuugua?
3. Je, ana watu wake? Nani anamlisha, anamtafuta au anamlilia?
4. Je, anasema mwenyewe, au anasemwa? Akisema, nani anamsikiliza?

Maswali haya yanafaa hata kwa wahusika ambao hawajaitwa wendawazimu. Katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, Yona anazama katika ulevi huku maneno ya watu kuhusu kukosa mtoto wa kiume yakimwandama. Mwanafunzi anayeandika kwamba Yona ni mlevi na asiyewajibika amesema kweli. Mwanafunzi anayeuliza ulevi huo ulianzia wapi, na jamii ilichangia nini, amehakiki.

Swali la mfano

"Matuko Weye ni zaidi ya kipaza sauti cha mwandishi." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea riwaya ya Kidagaa Kimemwozea. (alama 20)

Vidokezo kwa mtahiniwa:

(a) Kiri kwanza kwamba Weye ni kipaza sauti: ukosoaji wake wa utawala wa Mtemi hadharani unaendeleza maudhui ya uongozi mbaya. Usiikane hoja iliyo wazi.

(b) Eleza historia yake ya uaskari na uihusishe na hali yake. Onyesha kwamba anawakilisha walioitumikia dola kisha wakasahauliwa.

(c) Jadili anavyochukuliwa na jamii ya Sokomoko na na utawala wake. Mtazamo huo unafichua maadili ya jamii nzima, si ya Weye pekee.

(d) Mlinganishe na Mtemi Nasaba Bora. Nani anaitwa mzima, nani anaitwa mgonjwa, na nani ana madhara kwa wengine?

(e) Tathmini mtazamo wa usimulizi: tunamwona Weye kutoka nje. Jambo hilo linatuzuia kujua nini?

Tumia msamiati wa heshima katika maelezo yako. Ukinukuu neno la dharau kutoka kitabuni, litie katika alama za mtajo ili ionekane kwamba ni la mhusika au la msimulizi, si lako.

Hitimisho

Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1989, ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022. Miaka miwili kabla ya hapo, jopokazi lililoongozwa na daktari Frank Njenga lilikuwa limependekeza hali ya afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Bunge na mahakama zimefanya sehemu yao, ingawa kazi haijaisha. Lakini hakuna sheria inayoweza kuingia darasani wakati wa kipindi cha fasihi na kuamua kicheko kitaelekezwa kwa nani. Hiyo ni kazi ya mwalimu.

Watahiniwa wetu wataondoka shuleni wakiwa wamesahau tarehe nyingi na tamathali nyingi. Kinachobaki ni namna ya kusoma watu. Kijana aliyezoea kuuliza jina la mhusika, historia yake na watu wake, atakutana siku moja na mtu anayeongea peke yake kando ya barabara kuu ya Nakuru, na kabla ya kucheka atajiuliza maswali yale yale. Hapo tutajua kwamba fasihi tuliyoifundisha ilifundishika.